Generoza na Nyumba Iliyonyimwa Moto

Kwanza tuelewane: katika kijiji kile cha upande wa Kasulo hapakuwa na mwanamke mwenye mdomo kama Generoza, na anayebisha ama hajazaliwa ama amezaliwa Biharamulo. Alikuwa mjane, mfupi, mpika pombe ya ndizi, kiko hakimtoki kinywani, na sauti yake iliweza kurudisha ng'ombe waliokwisha kuvuka Ruvubu. Moto wake haukuzimika. Viberiti vya duka la ushirika vilikuja kwa nadra kama mvua ya kiangazi, kwa hiyo kila asubuhi watu walipita kwake na vigae vya vyungu kuomba makaa, naye aliwapa, pamoja na matusi mawili matatu ya kuwaamsha mwili.

Kipindupindu kilipofika, mwaka wa sabini na nane kabla ya vita, kilianzia nyumbani kwa Bizimana, mtu wa asili ya Burundi aliyelima pale tangu kijiji kuanzishwa. Mkewe Nyirabahizi alibebwa kwa machela mpaka hospitali, Bizimana akifuata nyuma. Watoto watatu wakabaki peke yao: Zita, msichana wa darasa la tano, mdogo wake Emilian, na Felisita, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Bwana afya akaja, akanyunyiza dawa, akaagiza: mtu asiingie humo, watoto wasitoke mpaka arudi kuwafungulia, na maji yote yachemshwe. Majirani wawawekee chakula na maji kwenye jiwe la njiani.

Mwenyekiti wa kijiji, Pancras, aliona amri hiyo fupi mno kwa mtu wa cheo chake. Akairefusha: nyumba ile isipewe moto, kwa sababu ugonjwa ungeweza kurudi na kigae. Basi watoto wakaamriwa kuchemsha maji na kunyimwa moto siku hiyo hiyo. Akili ya namna hiyo haipatikani darasa la nne. Ni lazima uendelee mbele sana.

Generoza alimkabili njiani.

"Shikamoo, mama," Pancras alisema, huku akiongeza hatua.

"Marahaba. Simama kwanza. Ndugu Mwenyekiti, kwako maji mnayachemsha kwa hotuba?"

"Ni uamuzi wa kamati, mama."

"Kamati! Juzi juzi kamati nzima ilinyonya pombe yangu kwa mrija mmoja, midomo sita, na hakuna aliyeuliza nani anaumwa. Leo mnaogopa kaa la moto?"

"Nitakuletea mgambo."

"Walete. Wote niliwaogesha walipokuwa wachanga. Nitawaogesha tena."

Angeweza kujipenyeza migombani. Hapana, alipita katikati ya barabara, mchana kweupe, kigae mkononi, moshi ukimfuata kama mkia. Akakiweka kwenye jiwe, akarudi nyuma.

"Zita! Njoo uchukue moto. Wewe usinisogelee, nami sikusogelei. Hiyo ndiyo heshima ya siku hizi."

Zita akachungulia mlangoni. "Bibi, mwenyekiti amesema..."

"Mwenyekiti anasema tangu alipoota meno. Sikiliza. Wewe ni bwana moto: maji yachemke mpaka kifuniko kicheze ngoma. Emilian ni bwana mikono: asiyenawa asile, hata ukiwa wewe."

"Na Felisita?"

"Felisita ni bwana kelele."

"Huyo ameshaanza kazi," alisema Zita, na mdomo wake ukapinda kidogo upande wa kicheko.

Kuanzia hapo moto ulipita, na uji ukapita. Lakini Generoza aliona jambo jingine. Shule ilikuwa imefungwa, na watoto wa kijiji kizima walikuwa wamekaa milangoni kama kuku wenye kideri. Sasa, nyumba za kijiji kile zilikuwa zimepangwa kwa mstari, kama alivyotaka mtu mwenye rula, na watu walikuwa wameilaani rula ile tangu siku ya kuhamia. Jua lilipoelekea Burundi, Generoza akasimama barabarani.

"Kitendawili!"

"Tega!" ikajibu kwanza sauti ya Emilian, kisha nyumba ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa mstari. Walitegeana kwa Kiswahili, kwa sababu Kihangaza, Kirundi na Kisukuma vingegombana njiani.

"Hunywa na ukoo mzima, halewi!"

"Mrija!"

Ikawa hivyo kila jioni, mpaka habari ilipofika kwamba Nyirabahizi amefariki. Wazee wakashauri watoto wafichwe habari hiyo.

"Mkimdanganya mtoto leo," Generoza aliwaambia, "kesho hataamini hata kwamba maji yamechemka."

Alikwenda mwenyewe, akawaambia waziwazi. Kwa kuwa hakuweza kuwakumbatia, aliketi chini kwenye vumbi mbele ya jiwe, akalia nao kwa sauti yake ile yote. Mlango mmoja ukaitikia kilio, na mwingine. Jioni hiyo hakutega mtu.

Kesho yake Pancras alimkuta hapo hapo jioni. Kamati, alisema, imeamua: bwana afya akishaifungua nyumba, watoto na baba yao wapelekwe kwenye makazi ya wakimbizi. Kabla Generoza hajatoa kiko, sauti nyembamba ikatoka mlangoni.

"Kitendawili!"

Alikuwa Zita.

"Tega!" mstari mzima ukajibu.

"Kimeingia kwetu bila hodi, kikatoka na mama, moto wetu kikashindwa kuuzima."

Kila mtu alijua jibu, na hakuna aliyetaka kulitamka mbele ya mtoto yule.

"Mmeshindwa? Nipeni mji!"

"Chukua Bukoba!" akaita mtoto mmoja.

"Bukoba sina mtu."

"Basi chukua kijiji hiki," alisema Generoza. "Chukua na chemchemi, na shamba la pamoja." Akamgeukia Pancras. "Na mwenyekiti wake."

"Achukue!" ikasema nyumba ya jirani. "Achukue! Achukue!" Neno likakimbia mstarini, na mara hii hazikuwa sauti za watoto tu.

"Mama, huu ni mchezo," alinong'ona Pancras.

"Ni mchezo. Haya, upinge, wote wanasikia."

Pancras alitazama mstari, mlango baada ya mlango. "Kamati itakaa tena," alisema.

"Ikae. Lakini ipite kwanza kwa mwenye kijiji."

Zita alinyoosha shingo, kama afanyavyo mtu aliyepewa mji. "Nimefika kijiji hiki, nikalima, nikachota maji chemchemini, na hakuna aliyenifukuza!"

"Na jibu?" aliuliza Generoza.

"Kipindupindu," alisema Zita, akaingia ndani kuangalia maji.