Pensilini ya Karakana

Mie hakuna la kunishangaza. Nilitoka kusini na patasi mbili na darasa la tatu, na enzi zile za Ujamaa, wenzangu wakipanga foleni ya sukari, nilikuwa na karakana yangu Mwenge, mafundi wanachonga mpingo na kula kwangu. Hata udaktari niliufanya mwenyewe.

Vumbi la mpingo linakohoza, na fundi anayekohoa hachongi. Basi niliweka chupa za pensilini, nilizozipata kwa mlango wa nyuma, na bomba moja la sindano nililolichemsha kwenye sufuria ya chai. Kila mkohozi nilimchoma kidogo ili chupa iwafikie wote. Homa ikishuka, basi, dawa iliyobaki ni ya mwenzake.

"Mgawo huo," mdogo wangu aliwatania wenzake huku akishusha suruali. "Kwa kaka hata kikohozi ni cha kijamaa."

Kichomi kikamkamata yeye. Ubavu unachoma, makohozi rangi ya kutu. Nikamchoma, akapoa, nikaacha. Kikarudi na nguvu mpya, nikampeleka hospitali. Huko nako wakamchoma pensilini, homa haikusogea.

Daktari, kijana mwembamba wa bara, akaniita kando.

"Ndugu, tumeotesha makohozi yake maabara. Wadudu hawa wana aina nyingi, kila aina na koti lake. Aina yake ni ileile iliyomuua yule fundi wako uliyemleta hapa wakati wa masika. Pensilini haiwadhuru tena."

"Wameenda shule?"

"Wamefundishwa kwa dozi za nusunusu. Iko dawa nyingine, ila hapa imekwisha. Inunue mjini, leo."

"Sema tu unataka chai ya shilingi ngapi."

"Sitaki chai, ndugu. Nataka dawa."

Nikacheka. Maofisa wa vibali vya mpingo nimewazunguka miaka. Mtu akisema hataki, bei yake iko juu. Ukinyamaza anashuka mwenyewe. Nikanyamaza.

Mdogo wangu alikuwa anahema kama mvukuto. "Kaka, umeinunua?"

"Tulia. Nampunguza bei."

"Mpunguze upesi. Mie pumzi nabakiza ya rejareja."

Kesho yake nikangoja. Keshokutwa yake nikangoja. Daktari alipita kitandani, akampima, akaniangalia, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakushuka bei, maana hakuwa na bei. Nilipoona kucha za mdogo wangu zimegeuka rangi ya zambarau, nikakimbilia mjini.

Nilirudi na chupa za ile dawa mkononi. Kitanda kilikuwa na shuka jipya. Nesi akaniuliza, "Na sanda umeleta?"

Wosia hakuacha, ila mafundi waliokuwa naye waliniambia alikuwa akiulizia ile dawa mpaka mwisho. Nikairudisha dukani. Muuzaji akaigeuzageuza, vifuniko havijaguswa, akasema dawa ikishatoka hairudi. Hiyo imebaki kwangu: chupa nne, shilingi mia moja themanini na tano na senti hamsini.