Ijumaa Niliyocheza na Meja

Ijumaa iliyopita nilikwenda Al-Sulay, hapa Riyadh, kupeleka katoni ya mzigo wa kusafirishwa Mombasa, na nakwambia ukweli rafiki yangu, nilichelewa. Nyuma ya maghala, kwenye kiwanja cha vumbi, niliwakuta madereva na wapakiaji wakicheza kriketi. Nikaegesha gari, nikashusha kioo, nikakaa kutazama. Mimi ni muuguzi wa miaka arobaini na ushei, zamu inanisubiri, na bado mwanamke mzima nilikuwa napiga usukani kwa kiganja kila mtu alipokimbia. Riyadh hii hii, katika maghala haya haya, nami niliwahi kucheza. Mara moja tu maishani.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Jeddah, mtaa wa Sharafiya, orofa ya tatu juu ya mkahawa ulionukia vitunguu tangu alfajiri. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi hospitalini. Asubuhi za Ijumaa mama alikaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi kwa ajili ya timu nzima ya kriketi ya baba, na mimi kazi yangu ilikuwa mpira. Nilichukua mpira wa tenisi, nikauzungushia utepe wa umeme kutoka sanduku la vifaa la baba, nikiuvuta kwa meno mpaka usibaki mkunjo. Ukikazwa vizuri, mpira ule ulikwenda kasi na kupinda hewani. Ukilegezwa, ulidunda hovyo, na wanaume kumi na mmoja wakageuka kunitazama. Sikugeukiwa mara nyingi, hilo najisifu.

Nahodha wetu alikuwa Mwingereza mzee, mstaafu wa jeshi, aliyesimamia ghala la vifaa pale hospitalini. Tulimwita Meja, kwa kuwa ndicho cheo alichostaafu nacho. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, na shati lake jeupe lilipigwa pasi hata kama kiwanja kilikuwa vumbi tupu. Akiwa luteni kijana aliwahi kukaa Kenya, akaondoka na Kiswahili cha kambini, kila mtu kwake ni "nakwenda" na "nafanya", ambacho hakukirekebisha tena. Mama alikuwa akimcheka waziwazi, naye akicheka pamoja naye, hamri mkononi.

Alitusimulia maisha yake kidogokidogo, baina ya vikombe vya chai. Alijiunga na jeshi akiwa na miaka kumi na tisa. Kila likizo ya kiangazi alirudi kwao kucheza kriketi na timu kubwakubwa, wala hakutaka malipo, eti mchezo ukilipwa unakuwa kazi. Siku moja, katika mechi kubwa kuliko zote alizocheza, alikuwa amebakiza mikimbio miwili tu, yaani pointi mbili, atimize mia. Mpira ukagusa gongo lake kidogo sana na ukadakwa nyuma yake. Mpira ukiguswa na gongo kisha ukadakwa kabla haujaanguka chini, mpigaji ametoka. Mwamuzi hakuona kitu, akamwambia abaki. Meja akatoka mwenyewe. Na kwetu ikawa sheria: ukijua umetoka, ondoka, usingoje kuambiwa. Nilimwona akifanya hivyo Sharafiya mara tatu, na fundi cherehani wa timu yetu mara moja, huku akilia kwa hasira.

Mimi nilikuwa nacheza mazoezini tu, watu wakisubiri wenzao. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa hodari, sitaki kujishusha. Kisha ikaja mechi na timu ya Riyadh. Mama alitaka kumwona dada yake aliyekuwa akiishi huko, basi tukapanda wote basi dogo la hospitali, na mama akanipa habari njiani, jangwa likipita dirishani.

"Tukirudi Jeddah ni kuvaa abaya," akasema. "Na kiwanja halas, basi tena. Umekua, mwanangu."

Nilijua angelisema siku moja. Sikujua kwamba ingekuwa siku ile. Nikageuza uso dirishani nisionekane.

Asubuhi ya Ijumaa, Al-Sulay, tukajihesabu: watu kumi. Fundi cherehani hakusafiri, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alimnyima barua ya ruhusa ya kusafiri. Baba akaanza kuwaulizia wapakiaji waliokuwa karibu. Meja akaninyooshea kidole.

"Mtoto nacheza."

"Meja, huyu ni msichana," baba akasema.

"Najua. Nacheza namba kumi na moja."

Ah, rafiki yangu! Nilikimbia kiwanja kizima kabla mechi haijaanza, nikarudi nikiwa nimekwishachoka. Mama alisimama kando ya basi na dada yake, akatikisa kichwa, lakini hakusema hapana. Kila nilipopita mbele yake nilikwepa macho yake asije akabadilisha nia.

Makubaliano yalikuwa kwamba mechi itakwisha kwa adhana ya kwanza ya Ijumaa, ili watu waende kuoga. Riyadh walianza kupiga, kisha zamu ikawa yetu, na wenzetu wakatoka mmoja baada ya mwingine. Meja alibaki. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na alikuwa akipiga mipira ile na kukimbia huku vijana wa Riyadh wakimpigia makofi bila kutaka. Hatimaye nikaitwa, mtu wa mwisho; nikitoka, tumeshindwa. Tulihitaji mikimbio miwili tushinde. Nilivaa kofia ya baba iliyonifika machoni, na gongo lilinifika kifuani.

Mrushaji wao alikuwa dereva wa trela, pande la mtu. Wenzake wakamwambia amrushie mtoto polepole. Meja, aliyesimama upande wa mrushaji, akapaza sauti, "Hapana! Tupa kama kawaida." Nikampenda kwa neno hilo.

Mpira wa kwanza ulikuja, nikazungusha gongo, nikasikia: tik. Nikauhisi pia, mkononi, mtetemo mdogo. Nyuma yangu mdakaji akaudaka na kuruka juu akipiga kelele. Timu nzima ya Riyadh ikapiga kelele. Mwamuzi, Msudani mpole aliyeombwa asubuhi ile ile, akasita, akatikisa kichwa.

"Mafi," akasema. "Mafi haja. Hakuna kitu. Endelea, binti."

Mdakaji akaapa kwa Mungu kwamba amesikia. Mwamuzi akatikisa kichwa tena. Meja akaja polepole mpaka kwangu, akainama, macho yake ya buluu yakiwa karibu kabisa na yangu.

"Wewe nasikia kitu?"

Niliona lile basi la kuturudisha Jeddah. Nikamwona mama kando ya basi.

"Hapana, Meja," nikasema.

Akanitazama kidogo, akarudi mahali pake.

Dereva akaja safari hii kwa hasira, mpira ukanijia kifuani, na nikaupiga, rafiki yangu, nikaupiga kwa nguvu zote za miaka kumi na moja, ukapaa juu ya vichwa vyao, ukadunda na kugonga mlango wa chuma wa ghala mpakani, gwaaang! Mikimbio minne! Baba alipiga kelele, "Mamangu! Mamangu!" akanibeba begani. Mpishi mmoja wa timu yetu alikuwa akicheza ngoma ya kwao mavumbini, na mama nilimsikia akipiga vigelegele ingawa mpaka leo anakataa. Adhana ikaanza tukiwa bado tunarukaruka. Sijapata furaha kama ile, na nimeolewa na nimezaa.

Meja alipeana mikono na wachezaji wote wa Riyadh. Mdakaji alimshika mkono muda mrefu zaidi kuliko wengine, wala hakuachia mpaka amalize kusema.

Nilirudi Jeddah nikavaa abaya. Nilikuwa nikitazama mechi kutoka dirisha la jikoni, na ndipo nilipoona kwamba Meja hashiki tena gongo. Alikuwa mwamuzi tu. Watu walipomuuliza, alisema magoti. Lakini alipokuja kwetu kunywa chai alipanda orofa tatu bila kupumzika, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango, nikajua si magoti: alikuwa ametoka mwenyewe, bila kungoja kuambiwa. Hatukulizungumza. Alirudi kwao, na miaka mingi baadaye baba akanipigia simu kuniambia amefariki.

Kiwanja cha Sharafiya sasa ni jengo la maduka. Wale wanaume walitawanyika kila mmoja kwao, na siku hizi wasichana wa Riyadh wanacheza mpira mchana kweupe na hakuna anayegeuka. Nimejaribu sana kulijutia pigo langu. Nikilikumbuka, mikono bado inanisisimka kwa raha, kisha namwona mzee yule akipeana mikono na watu aliojua kwamba tumewaibia, akinyamaza kwa ajili yangu.