Ukurasa Nilioshindwa Kumsomea Tata

Chumba cha intaneti kilinuka vumbi la kompyuta zilizopata joto na, kwa kuwa ulikuwa msimu wa senene, harufu ya panzi hao wa kukaanga waliouzwa nje ya mlango. Nilikuwa kidato cha pili, nikiishi kwa shangazi, mtaa wa Hamugembe, kwa ajili ya shule. Kila Jumamosi nilitembea hadi mjini Bukoba, nikasubiri zamu yangu mbele ya kompyuta ambayo, kabla haijafungua ukurasa mmoja, ungeweza kumenya ndizi za sufuria nzima. Hapo ndipo nilipoanzisha blogu. Niliandika habari za kwetu Nshamba: kahawa iliyoanikwa uani, mvua, ugomvi wa majirani. Wahaya wenzangu waliokuwa Dar es Salaam na hata Ulaya waliniachia maoni. "Binti, umenirudisha nyumbani," aliandika mmoja, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi moja sikuwa na la kuandika, nikamwandika baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Tata. Tata hakujua kusoma. Kila Jumapili alivaa koti lake la kijivu, akaketi benchi la mbele kanisani, akafungua kitabu cha nyimbo na kugeuza kurasa kila wenzake walipogeuza. Mara nyingine kitabu kilikuwa kimepinduka. Hakukosea neno hata moja, maana nyimbo zote alizijua kwa kichwa. Lakini hilo sikuliandika. Niliandika kitabu kilichopinduka, na jinsi alivyokunja uso kama padri anayetafakari. Jina lake sikulitaja, ila niliitaja Nshamba, na koti, na benchi. Maoni yalimiminika kuliko siku zote. Watu walicheka, nami nikacheka nao peke yangu mbele ya kompyuta. Mdharau kwao mtumwa, walisema wahenga, lakini siku ile nilijiona malkia.

Shule zilipofungwa nilirudi nyumbani. Siku ya pili, Tata aliniita uani alipokuwa akigeuza kahawa juani. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kijana wa jirani amekuja nayo kutoka Dar," alisema. "Anasema ni maandishi yako. Nisomee, mwanangu."

Nilipoikunjua nikakiona kichwa cha habari yangu. Nikaanza kusoma, lakini si yaliyoandikwa. Macho yalipita juu ya kitabu kilichopinduka, mdomo ukatunga habari za mzee hodari anayeamka kabla ya wote, ambaye kahawa yake imesomesha watoto sita. Nikaendelea hadi mwisho. Tata alisikiliza akiegemea reki yake. Kisha akaichukua karatasi, akaikunja taratibu kwenye mikunjo ileile.

"Umesoma vizuri," alisema. "Yule kijana alinisomea tofauti."

Akarudi kugeuza kahawa. Nilitamani anichape.

Jumapili iliyofuata aliketi benchi la nyuma, mikono mitupu, na hakuimba. Tulipotoka, mama alimuuliza kitabu kiko wapi. "Macho yameanza kuchoka," alijibu, bila kunitazama.

Tata ameshafariki. Sikumwomba radhi; kila nilipojikaza aliniuliza habari za masomo, nikajificha humo. Siku hizi wanangu wana simu, na kabla hujameza tonge picha yako imeshafika Muleba na kwingineko. Nikiwaambia waombe ruhusa kwanza, hunicheka, nami sijawahi kuwaeleza sababu. Blogu yangu nimeitafuta, haipo. Waliokuwa wakiihifadhi walishafunga huduma yao. Wanasema mtandao hausahau, lakini wangu umesahau, na waliocheka wamesahau pia. Nimebaki mimi. Tata, nisamehe. Naandika hivyo leo nikijua kwamba hata angekuwa hai asingeweza kuyasoma. Maneno haya yalikuwa ya kusemwa, na siku ya kuyasema alisimama mbele yangu, akanisubiri.