Jina la Dewey Mlangoni

Oleta Stamper hakuwa mtu wa kelele. Muulize yeyote mtaani kwake, hapo kaskazini mwa Detroit, atakuambia: mama wa watu, mpole, yeye na kanisa lake na nyanya zake. Sasa ukitaka kujua siku ile ya Agosti alipandwa na nini hadi akavuka kamba iliyozungushiwa gari la mtu mbele ya umati, lazima kwanza umjue Dewey.

Dewey alikuwa mumewe. Walitoka wote milima ya Kentucky wakiwa vijana wabichi, wakapata kazi kiwanda kimoja cha magari, mume kwenye injini, mke kwenye kubandika mistari ya mapambo ubavuni. Alipoanza kushika pesa ya maana, Dewey alinunua pikapu. Rangi ya chungwa, mistari miwili myeusi, na mngurumo uliotikisa vyombo kabatini. Jumamosi alikwenda nayo kwenye mbio za robo maili akawaacha wenye magari ya bei mbaya wakila vumbi. Jumatatu alikwenda nayo kazini. Katikati ya wiki ilibeba kuni, ilibeba mashine ya kufulia ya jirani, na mara moja ilimbeba Oleta mwenye uchungu wa kuzaa, Dewey akimwambia, "Vumilia mke wangu, taa nyekundu zote nimeshazipita!" Mlangoni alijichorea jina lake kwa brashi, na herufi ya mwisho ikaenda upande. Hakuirekebisha.

Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji iliila ile pikapu kwa kutu mpaka sakafu ikawa matundu matupu. Dewey aliendesha vivyo hivyo, baridi ikimpiga miguuni. Wenzake wakamwambia, "Ifungie ndani, mzee, itakuja kuwa na thamani." Alikuwa akiwacheka: "Niifungie ndani inifanyie nini? Inizalie?" Gari lilikufa kwanza. Yeye akafuata, kwa ugonjwa wa moyo.

Miaka ikapita. Ndipo wakaja mabwana wawili wa karakana moja inayochukua pikapu mpya na kuzivika sura ya za zamani. Waliketi jikoni kwa Oleta, wakala keki yake, wakaisifu. Walitaka kutoa toleo maalumu la kumuenzi Dewey, pikapu mia moja tu na basi, rangi ileile, mistari ileile, na jina lake mlangoni kama alivyolichora mwenyewe, limenakiliwa kutoka kwenye picha. Oleta hakuuliza atapata nini. Aliuliza jambo moja.

"Zitaendeshwa?"

"Mama, hizi zina nguvu kuliko ile ya mzee," mmoja akajibu mdomo umejaa keki. "Nani awe nayo asiiendeshe?"

Akakubali. Walipoondoka alilia kidogo, kwa furaha, maana alijua sasa atamsikia tena Dewey akipita barabarani.

Basi ikafika Agosti, wiki ile ambayo magari ya zamani hujaa barabara ya Woodward kutwa kucha, na watu hukaa kandokando kwenye viti vya kukunja. Oleta alikuwa amekaa na jirani yake Marvella, wanakula sandwichi, alipoambiwa kwamba pikapu namba moja, ya kwanza katika zile mia, iko kwenye maegesho ya hapo karibu. Aliacha sandwichi juu ya kiti. Marvella alimfuata akihema.

Ilikuwa hapo kweli. Ile rangi, ile mistari, na lile jina na herufi yake ya upande. Oleta akanyoosha mkono. Lakini barabara ile ina adabu zake, na moja ni kwamba gari la mtu haliguswi: unaweka mikono nyuma, unainama, unasifu. Akaweka mikono nyuma. Alipoinama ndipo akaona viti bado vina nailoni ya kiwandani, na kamba imezungushwa pande zote kwenye vigingi vinavyong'aa.

Mwenyewe, bwana mmoja aitwaye Preston, aliruka kitini alipoambiwa huyu mama ni nani. Akampiga picha. Akampiga nyingine.

"Asante, mwanangu," Oleta akasema. "Sasa iwashe niisikie."

Preston akacheka kama mtu aliyeombwa figo. "Haiwezekani, mama. Ina maili nne tu, na hizo nne ni za karakana."

"Sijasema twende Kentucky. Washa tu."

"Kompyuta inahesabu saa za injini. Mnunuzi wa baadaye ataona."

"Na hapa ulifikaje?"

"Kwa trela."

"Na kushuka kwenye trela?"

Preston akakohoa. "Tuliisukuma."

"Mliisukuma!" Oleta akamgeukia mwenzake. "Shoga, umesikia? Gari la Dewey linasukumwa!"

"Nimesikia," Marvella akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Hilo si gari, ni toroli."

Watu wakaangua kicheko. Preston akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mama, hii ni heshima kwa mumeo. Itakaa ndani, pana hewa safi, haitapata hata mkwaruzo. Miaka hamsini ijayo itakuwa vilevile."

"Bwana, mume wangu nilishamzika. Sikukupa ruhusa umzike tena." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na si kwa uzee. "Ama uiendeshe, ama ulitoe jina lake."

"Jina ndilo nililonunua!"

Aliposema hivyo, basi. Oleta akanyanyua mguu, akavuka kamba. Mwanamke aliyebandika mistari ubavuni mwa magari nusu ya umri wake anajua jinsi inavyobanduka, na jua la Agosti lilikuwa limeshalainisha gundi. Akaingiza ukucha kwenye kona ya jina, maana nalo lilikuwa la kubandikwa tu. Preston alikuwa anapiga mayowe, "Usiguse! Usiguse!" huku akirukaruka pale pale, kwa sababu simu zilikuwa zimeshainuliwa na hakuthubutu kumshika bibi wa watu. Oleta hakuharakisha. Alivuta taratibu mpaka jina lote likatoka zima, akabaki amelishika kwa mikono miwili.

Kisha jamaa mmoja mwenye kofia, mkusanyaji wa magari kama Preston, akasogea.

"Preston, tulia kwanza. Ziko mia, siyo? Tisini na tisa zina jina. Moja tu duniani haina, na aliyelibandua ni mjane mwenyewe, hadharani, na picha zipo. Usithubutu kulirudisha."

Ungeuona uso wa Preston ulivyobadilika! Hasira iliyeyuka palepale. Alifungua mkoba, akatoa kalamu ya wino mnene, akaja kwa Oleta akitabasamu kama mkwe.

"Mama, nisamehe kwa kelele. Ungeniwekea saini? Hapo hapo lilipokuwa jina."

Jamani! Nimeona watu wasio na haya, lakini huyu alipita kiasi. Marvella alitaka kumrushia kiatu. Oleta akamzuia. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, ya uchungu.

"Iwashe," akasema. "Sitaki kingine. Iwashe niisikie mara moja, nitakuandikia jina langu, na lake nitaliandika kwa mkono wangu. Iwashe."

Preston aliutazama ufunguo mkononi mwake. Akaitazama pikapu. Alifikiri, tena alifikiri kwa dhati kabisa, na watu wote walisubiri. Kisha akaifunga kalamu kifuniko.

"Basi, mama," alisema. "Saini si lazima."