Taya na Kucha za Shimo Moja

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nikaenda kuchimba dhahabu Lusangi. Hakuna aliyenishika mkono. Koleo nilinunua mwenyewe.

Nilikuwa mtu mzima siku nilipogonga taya la jiwe chini ya changarawe, lenye meno mapana ya mnyama mla majani. Kando yake, umbali wa kiganja, kucha mbili zilizopinda. Nikaona ni za chui tu. Kwetu kucha za chui hupelekwa kwa chifu, anayezificha ana kesi. Basi kucha nikazifungia ndani ya kopo. Taya nikalisugua ndani ya karai, vile tunavyoosha mchanga, mpaka likang'aa.

Mgeni mmoja alikuwa akikusanya mifupa kwa kabati la shule moja ya Kasongo. Nikampa taya. Kucha nilimpa baadaye, chifu alipokwisha kufa, nikasema zimetoka shimo jingine, ng'ambo ya mto, nje ya ardhi ya chifu. Akaandika karatasi mbili: nguruwe wa kale, chui wa kale. Uongo huo nilikaa nao miaka mingi. Haukuninyima usingizi.

Mwaka jana akaja madame mmoja, profesa, kupanga upya mifupa ya kabati lile. Akanitumia pikipiki. Nilifika kiuno kimekufa.

"Papa, hii haiko nguruwe," akasema. "Na hii haiko chui. Kulikuwa nyama moja ya pori, ndugu ya farasi na kifaru. Meno ya kula majani, lakini mu miguu kucha. Iliisha mu dunia zamani. Watu waliikosea kila pahali, kichwa kabati hii, mguu kabati ile."

"Kucha za nini, kama haikula nyama?"

"Kuvuta matawi, tunafikiri. Hata sisi hatujue muzuri."

"Masomo yote ile, madame, na tuko sawasawa!"

"Weye uko mbele yangu. Weye ulikuwa mu shimo." Akaniangalia. "Ilikuwa shimo moja?"

Sijazoea kujirudi mbele ya mtu.

"Moja. Nilidanganya. Niliogopa kesi ya chifu, hata alikuwa amekufa."

Akachukua kucha. Udongo mwekundu ungali umeganda kwenye mashimo yake. "Na udongo ya taya? Tungelinganisha."

"Niliosha."

"Yote?"

"Kazi yangu naifanyaka muzuri, madame."

Hakucheka. Alichokoa kati ya meno kwa sindano mpaka jua likaondoka dirishani. Hakupata hata chembe. Akatoa zile karatasi mbili, akaandika moja mpya. Niliisoma polepole: mnyama mmoja, labda.

"Futa hiyo labda."

"Siwezi, papa. Lakini maneno yako nimeandika chini yake, yote."

Nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka kuliko siku za kuchimba.

Leo nina nyumba ya mabati, vyumba vitatu. Mbuzi wanne. Shamba la mihogo. Baiskeli, tairi la nyuma bovu. Koleo la pili, la kwanza liliisha. Karai ni lile lile. Taya na kucha si zangu, ziko Kasongo, sanduku moja sasa.