Mtu wa Masindi

Mimi Paska ndiye niliyemuazimia kaka yangu Lokule shati la kwendea mkutano ule, basi acheni niseme. Baba yetu, Sajini Lino, alikuwa mwanajeshi wa Koboko, na baada ya serikali ya wanajeshi wa kwetu kuangushwa mwaka 1979, kutaja Koboko mbele ya watu wa Kampala kulikuwa kujitafutia balaa. Tulikimbilia Zaire, tukarudi, na Lokule akasoma hadi akapata shahada mwaka 1988. Alichunguza mbung'o, wale inzi wanaoleta malale.

Mwalimu wake alimfundisha namna ya kupata kazi ya utafiti: mkutanoni usijibanze na rafiki zako, beba nakala za kazi yako, waamkie wakubwa, na baada ya wiki waandikie barua. Lokule alishika yote.

Huko Kampala akamfikia Daktari Driwaru, mama wa Arua, jirani na kwetu Koboko, aliyesimamia utafiti wa malale. Mama alisoma ukurasa wa kwanza, akatabasamu, akamuuliza polepole, "Kijana, wewe iko mutu ya wapi?"

Kiswahili, tena Kampala! Huko kilikuwa lugha ya wanajeshi, na watu watatu walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza. Kaka yangu alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni mtu wa Masindi, mji ulio mbali na kwetu, na Kiswahili hakijui.

Mama akamrudishia karatasi zake. Akamwambia, sasa kwa Kiingereza, kwamba alikuwa akitafuta mtoto wa Koboko, maana kazi iko kule.

Hapo si angefungua mdomo tu! Akazikunja karatasi zake, akaondoka. Hasira hunipanda hadi leo, ingawa hofu ile naijua, tulikua nayo sote.

Baada ya wiki akaandika barua, akakiri kila kitu. Jibu lilisema nafasi ilikuwa bado wazi, nami nikapiga vigelegele kabla hajamaliza kusoma. "Lakini, mwanangu," mama aliandika, "mtu wa kazi hii hukaa porini peke yake akihesabu mbung'o, nami sina cha kuamini ila neno lake."

Akaajiriwa mtu wa mbali asiyejua Kikakwa, lugha ya kwetu Koboko. Lokule akawa mkalimani wake, akimbebea mitego nyumba kwa nyumba. Kila mlango alijitaja kwa sauti: Lokule, mtoto wa Sajini Lino, wa hapa hapa Koboko. Nilitembea nao siku moja. Ya pili sikuweza kumsikia tena akijitaja.