Orodha Iliyopungua

Kila Jumatatu mama huyu huwahi masjala ya halmashauri kabla dirisha halijafunguliwa, na Badria, karani wa kupokea barua, humtambua kwa harufu ya sabuni ya dawa hata kabla ya kuinua macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tena kuwasumbua."

Ni katibu wa kikundi kinachowaogesha na kuwalisha wagonjwa wasioinuka kitandani, kuanzia Kariakoo hadi Mchikichini. Vidole vyake vimechubuka kwa kufua mashuka. Barua huitoa kwa mikono miwili, kama anavyompa mgonjwa bakuli la uji, husubiri muhuri, kisha huupuliza wino ukauke. Ni barua ileile tangu ruzuku ya kikundi ikatwe: turudishieni. Nyuma yake hubana orodha ya wagonjwa, na huiandika upya kila safari, maana hawezi kusema uongo.

Leo bwana mipango, aliyeikata ruzuku hiyo, alikuwa amesimama palepale dirishani. Akaifunua orodha.

"Mama, mwezi wa tatu walikuwa arobaini na mmoja. Hapa naona ishirini na sita. Mahitaji si yamepungua? Sasa mnalalamikia nini?"

Badria alitarajia kelele. Mama aliomba kalamu tu. Akainamia kaunta, akaandika majina kumi na matano bila kusita hata mara moja, na mbele ya kila jina siku aliyozikwa mwenyewe. Akaisogeza karatasi kwa mikono miwili.

"Kweli wamepungua, baba. Mwanangu, nigongee muhuri."

Badria akagonga: IMEPOKELEWA.